Siku nne na chupa moja ya Morgon, na sahani ya utumbo (uzi mrefu, kaeni)

Mpishi wa Zamu ya Pili:

Wakuu, salaam.

Niko Lyon, Ufaransa, mwaka wa tatu sasa, jikoni. Nilianza kwa kuosha masufuria, siku hizi nakata vitunguu na kusimamia vyakula vya kuchemsha. Mgahawa wenyewe ni wa aina wanayoiita huku *bouchon*: meza zimebanana, vitambaa vya mirabaraba myekundu, na chakula ambacho mtu wa Tanga kama mimi hakishangai. Utumbo, maini, ulimi, kichwa cha ndama. Na nguruwe kila kona, hapo mnisamehe, ndiyo kazi.

Uzi ni wa divai nyekundu. Nikipiga simu nyumbani, kila mtu ana hadithi ileile: "Nilionja ya Kifaransa harusini, ikanikaba ulimi, sirudii." Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza tulichanga hela, tukanunua divai ya Bordeaux ya bei ya kutisha kumpongeza mwenzetu aliyepata kibali cha kuishi. Ilikuwa Julai, chumba cha ghorofa ya juu kabisa, paa linawaka. Chupa ilikuwa imeshinda juu ya kabati. Tukaifungua, tukainywa na bisi. Watu wanne, kila mmoja anatabasamu kwa adabu na hakuna aliyemaliza glasi. Kesho yake nikaimwagia kwenye mchuzi.

Leo ndiyo naelewa kwamba ile chupa haikuwa na kosa. Tuliinywa ya moto, changa, na bila nyama. Divai nyekundu za huku nyingi zilikua pamoja na sahani fulani, na ukiitenganisha na sahani yake unabaki na nusu ya kitu.

Sasa nije kwenye Morgon. Kaskazini ya Lyon kuna vilima vya Beaujolais. Zabibu yao nyekundu ni moja tu, Gamay. Wengi tunaisikia Beaujolais kwa ile divai changa inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, ya shamrashamra. Lakini kaskazini ya vilima hivyo kuna maeneo kumi yanayoweka jina lake lenyewe kwenye chupa: Fleurie, Moulin-à-Vent, Chiroubles, Brouilly na wenzake. Morgon ni mojawapo. Chupa yangu ilitoka kilima cha Côte du Py, kilevi asilimia 13, euro 17.

Jumatatu ni siku yangu ya mapumziko. Niliiweka kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua. Ndiyo, divai NYEKUNDU kwenye friji. Ule usemi wa kuinywa kwa "joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, vyumba vya nyuzi 16 au 17. Chumba cha Tanga cha nyuzi 31 hakimo kwenye hesabu hiyo. Gamay inapenda nyuzi 14 hivi. Ikipata joto, kilevi kinapanda puani na matunda yanajificha.

Rangi: niliinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Katikati nyekundu inayoelekea zambarau, ukingoni imepauka kama juisi ya rozela.

Harufu ya kwanza haikunifurahisha. Kijiti cha kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Nikaizungusha glasi, nikaiacha, nikamenya vitunguu. Niliporudi kiberiti kimeondoka, imekuja cheri. Asiyezijua cheri achukue zambarau zilizoiva hadi zinapasuka, aongeze tone la ndimu. Nyuma yake kuna harufu ya mawe yaliyonyeshewa baada ya jua kali.

Mdomoni ulianza ugwadu, mate yakajaa chini ya ulimi. Halafu tunda. Ukakasi ukaja mwisho kabisa, kwenye fizi, mdogo, kama bibo lililoiva vizuri. Ile Bordeaux yetu ya Julai ilikuwa bibo bichi. Ukakasi huo ni tanini za maganda na mbegu za zabibu: zinashikana na protini za mate, na mate ndiyo grisi ya mdomo. Yakishikwa, ulimi unakwaruza.

Na sahani? Nilitoka na kipande kazini. Kinaitwa *tablier de sapeur*, maana yake aproni ya askari mhandisi. Ni utumbo wa ng'ombe, ile sehemu ya vyumba vyumba kama sega la nyuki. Unachemshwa hadi unalainika, unalazwa kwenye divai nyeupe na haradali, unapakwa yai na chenga za mkate, unakaangwa hadi uwe na rangi ya maandazi. Wanasema jina limetokana na Jemadari Castellane, aliyekuwa mkuu wa jeshi Lyon zama za Napoléon III na aliyeupenda mno.

Nikauma. Ganda linapasuka, ndani laini, mafuta yanatandaza ulimi mzima. Nikapiga funda. Divai ikapita pale kama ndimu inavyopita kwenye samaki wa kukaanga. Ule ugwadu uliokuwa mkali dakika tano zilizopita sasa haupo, kumebaki tunda tupu. Na utumbo nao ukarudi na ladha, kana kwamba nauma mara ya kwanza.

Nilikaa kimya kidogo, wakuu.

---

Kisamvu Kibichi:

Mkuu siku nne chupa moja?? Huku kwetu chupa haifiki saa nne usiku 😂

Nimekaa siti ya mbele, ila jibu swali: si inachacha ikishafunguliwa?

---

Mpishi wa Zamu ya Pili:

Inachacha, ndiyo, hewa inaigeuza polepole kuelekea siki. Lakini ukirudisha kizibo na kuiweka kwenye friji, nyekundu yenye ugwadu mzuri inakwenda siku tatu bila shida. Jumanne ilikuwa bora kuliko Jumatatu: kiberiti hakipo kabisa, na ukakasi umelainika. Jumatano nilihisi viungo, kitu kama pilipili manga. Alhamisi ilianza kunywea, tunda likabaki jembamba kama chai ya mara ya pili. Funda la mwisho nilitia kwenye vitunguu.

---

Bi Mkubwa wa Makadara:

Mwanangu, mimi hayo mambo ya vilevi si yangu, dini yangu hainiruhusu na umri nao umenitosha. Lakini nimesoma mpaka mwisho kwa sababu ya huo utumbo. Kumbe Wazungu nao wanakula! Mimi niliambiwa wao hutupa.

Na kitu kimoja. Hapa Mombasa sisi tukisema *mvinyo* tulikuwa tukimaanisha ule ukali wa chupa, wa kuchoma koo. Ya zabibu ni *divai*. Umefanya vyema kuandika divai, vijana siku hizi wanachanganya.

---

Mpishi wa Zamu ya Pili:

Shikamoo Bi Mkubwa. Nashukuru kwa kuvumilia hadi mwisho. Na hili la maneno linanipendeza: divai ni *du vin* ya Kifaransa, ndivyo wanavyoomba kila siku mezani kwetu. Mvinyo ni ya Wareno, *vinho*. Siku ya kwanza mteja aliponiambia "*du vin*" niligeuka, nikadhani kuna Mswahili nyuma yangu.

---

Mwana wa Kizota:

Mimi ni mkulima wa zabibu Dodoma, ekari moja na nusu. Nisikilizeni kidogo.

Hapa tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Sukari inapanda haraka, jua lipo la kutosha. Shida yetu ni ugwadu. Zabibu ikiiva kwenye joto asidi inashuka, ukichelewa kuvuna siku chache unapata tamu isiyo na mgongo. Na watu wetu wamezoea tamu, wanazitaka hivyo.

Swali langu ni la shambani. Hao wa Morgon udongo wao ukoje, na wanakatia vipi?

---

Mpishi wa Zamu ya Pili:

Mkuu, umenifikisha ninapopataka. Septemba mwaka jana niliomba likizo ya wiki moja nikaenda kuvuna. Treni kutoka Lyon hadi Belleville, kisha baiskeli hadi Villié-Morgon.

Udongo: vilima vya kaskazini ni graniti inayomomonyoka, mchanga mwekundu uliopauka. Wewe wa Dodoma ungejiona uko nyumbani, mawe yametapakaa. Côte du Py ni tofauti. Pale ni jiwe la zamani la buluu-kijivu, lina chuma, ukilishika linavunjika mkononi vipande vipande. Wenyewe wanaliita jiwe lililooza. Hakuna rutuba ya kujivunia, na Gamay inafurahia hivyo, maana ukiipa udongo mnono inazaa kupindukia na divai inakuwa maji.

Hilo lina historia yake. Mwaka 1395, Philippe wa Burgundy, yule mtawala aliyeitwa Shujaa, alitoa amri Gamay ing'olewe kwenye ardhi yake. Aliiita mmea mbaya sana na usio mwaminifu. Alitaka zabibu ya Pinot Noir peke yake. Gamay ikabaki na heshima yake huku kusini, kwenye graniti ambako Pinot haikuhitajiwa. Hasira za mtawala zimewapa watu wa Lyon kinywaji chao.

Ukataji: mizabibu ya zamani haina waya. Kila mmoja umesimama peke yake, kisiki kifupi chenye mikono mitano sita imeelekea juu kama kikombe. Urefu unafika gotini. Kuvuna ni kwa mkono, mkasi mmoja na ndoo, umeinama kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Siku ya pili sikuweza kufunga kamba za viatu. Mama mmoja wa miaka sabini alikuwa mstari wa jirani ananipita huku anaimba.

Na hawazipondi kwanza. Kichala kinaingia kwenye tangi kizima, na vijiti vyake. Za chini zinapondeka kwa uzito wa za juu, juisi inaanza kuchacha na kutoa hewa ya ukaa, hewa hiyo inajaza tangi. Zabibu nzima zilizokaa ndani ya hewa hiyo bila oksijeni zinaanza kuchacha zenyewe ndani ya ganda, bila hamira. Hapo ndipo unapata tunda jingi na ukakasi mdogo. Ukifanya siku nne tano unapata ile ya Novemba, yenye harufu ya ndizi mbivu. Ukiacha wiki mbili au zaidi, kama wengi wa Morgon, inapata mfupa.

Siku ya kukamua walinipa kikombe cha juisi inayotiririka kutoka mashineni, nusu sukari nusu kilevi, ya uvuguvugu, ina povu la waridi. Inaitwa *paradis*. Pepo.

---

Bi Mkubwa wa Makadara:

Pepo wameiweka kwenye kikombe. Haya.

---

Mhasibu Asiye na Presha:

Naomba niwe yule mtu mbaya wa uzi.

Zambarau, mawe yaliyonyeshewa, kiberiti... mkuu, nakuheshimu, ila huu ni ulimbukeni. Mwaka 2001 kule kule Ufaransa, Bordeaux, mtafiti Frédéric Brochet aliwapa wanafunzi 54 wa fani ya divai glasi mbili, nyeupe na nyekundu. Ile "nyekundu" ilikuwa nyeupe ileile iliyotiwa rangi isiyo na ladha. Wakaielezea kwa maneno ya divai nyekundu! Wasomi wa fani hiyo. Sasa sisi tuliokulia kwenye chai ya rangi tutaambiwa nini?

---

Mpishi wa Zamu ya Pili:

Hilo la Brochet ni kweli na wala silikwepi. Pua inaongozwa na macho. Bosi wangu analijua pia, na ndiyo maana mgeni akianza kuhutubia juu ya harufu yeye anaenda kukata mkate.

Maneno ya harufu ni yangu, wewe unaweza kunusa kitu kingine na hatutagombana. Lakini ugwadu na ukakasi si mawazo. Mate yanajaa au hayajai. Fizi zinakauka au hazikauki. Na chakula kinachobadilisha hayo mawili unakiona mwenyewe ndani ya dakika moja. Fanya hivi nyumbani:

Chukua nyekundu yoyote kavu (yaani isiyo tamu), hata ya bei ndogo. Piga funda, kumbuka. Lamba ndimu yenye chumvi. Piga funda tena. Halafu ng'ata kipande cha chokoleti tamu au haluwa, piga funda la tatu. Kisha urudi hapa na ulimbukeni wako.

---

Kisamvu Kibichi:

NIMEFANYA. Shemeji alikuwa na boksi la divai nyekundu ya Afrika Kusini.

Funda la kwanza: kali, ulimi unakwaruza, kawaida. Baada ya ndimu na chumvi: imekuwa laini jamani, nusura tamu. Nikadhani shemeji amebadilisha glasi. Baada ya haluwa: imekuwa chungu kama mwarobaini, sura ilijikunja hadi watoto wakacheka.

Sasa nieleweshe, maana harusini divai huwa tunapewa na KEKI.

---

Mpishi wa Zamu ya Pili:

Umejijibu mwenyewe hapo mwisho 😂 Ulimi unapima kwa kulinganisha. Ukitoka kwenye ndimu, ugwadu wa divai unaonekana mdogo. Chumvi inafunika uchungu. Ukitoka kwenye sukari, kila kilicho kikavu kinaonekana kichachu na kichungu. Keki ya harusi imewaharibia Watanzania wengi divai nyekundu kuliko kitu chochote.

---

Mhasibu Asiye na Presha:

Nimejaribu kwa siri. Sina la kusema kwa sasa.

---

Ndugu wa Lubumbashi:

Mimi niko Bruxelles. Kwetu nyumbani Jumapili ni sombe (kisamvu chenu) na samaki mkavu, na mke wangu anataka nyekundu. Nimejaribu Bordeaux, samaki mkavu anageuka msumari. Kwa nini, kaka?

---

Mpishi wa Zamu ya Pili:

Kaka, hiyo ladha ya msumari naijua. Mafuta ya samaki na nyekundu nzito hazisikilizani, unabaki na ladha ya chuma mdomoni. Mimi nilijaribu jodari wa kuchoma na chupa ya kusini yenye ukakasi mwingi, nikahisi nimelamba ufunguo. Kwa sombe yenye samaki mkavu nenda nyeupe isiyo tamu. Kama mama anashikilia nyekundu, basi Gamay nyepesi, ya baridi, na ingekuwa heri ukimtoa samaki ukatia nyama ya kukausha.

Na kwa wengine walioniuliza inboksi:

Nyama choma ya mbuzi na chumvi tu: Morgon iko sawa kabisa, hasa mbavu zenye mafuta. Ng'ombe wa kuchoma anaibeba hata ile Bordeaux, maana protini ya nyama inashika tanini kabla hazijashika mate yako. Mishikaki yenye pilipili kali, hapana. Kilevi na ukakasi vinachochea moto, utalaumu divai bure. Pilau ya ng'ombe niliipika hapa Krismasi, binzari nyembamba na pilipili manga zikaenda na divai vizuri kuliko nilivyotarajia, ila kachumbari niliipunguzia pilipili. Wali wa nazi na maharage sijui niseme nini, nilikunywa maji.

Kuku wa kienyeji wa kuchemsha, mchuzi mwepesi: huyo ndiye. Huku wana kuku wa Bresse wanaomringia, miguu ya buluu. Nilipomwonja nilimkumbuka jogoo wa bibi, yule wa kutafuna.

---

Mwana wa Kizota:

Kwa hiyo mkuu, unasema mtu wa kawaida huko ndiye anayeinywa hii, si wenye suti?

---

Mpishi wa Zamu ya Pili:

Njoo saa tatu asubuhi uone. Kuna mlo unaitwa *mâchon*, ulikuwa wa wafumaji hariri waliofanya kazi tangu alfajiri. Hadi leo Jumamosi moja moja tunaufungua: soseji kavu, utumbo wa vitunguu, jibini laini lenye majani na kitunguu saumu, na divai kwenye chupa yenye kitako kinene cha kioo. Inachukua sentilita 46, sio 50. Kitako ni kizito ili isianguke mezani, na chupa inajazwa kutoka kwenye pipa, haina lebo. Mafundi bomba, wauza samaki, mzee mmoja mstaafu wa posta. Hakuna anayezungusha glasi. Glasi zenyewe ni zile ndogo za chai.

Wenyewe husema Lyon ina mito mitatu, Rhône, Saône na Beaujolais.

---

Bi Mkubwa wa Makadara:

Mwanangu, mimi bado niko kwenye utumbo. Hujasema mnauosha vipi. Sisi huku ni maji ya moto, kukwaruza kwa kisu, halafu chumvi na ndimu, unausugua hadi mikono inauma, unasuuza, unarudia tena. Halafu tangawizi nyingi. Ninyi mnafanyaje?

---

Mpishi wa Zamu ya Pili:

Hatuoshi, Bi Mkubwa. Kuna bucha maalumu za utumbo, tunanunua umeshasafishwa na kuchemshwa, mweupe kama karatasi. Mimi naukata tu.

---

Bi Mkubwa wa Makadara:

Bila ndimu?

---

Mpishi wa Zamu ya Pili:

Bila ndimu.

---

Bi Mkubwa wa Makadara:

Basi ndiyo maana wanahitaji hiyo divai.